Mlango wa Tatu wa Jikoni

9 Februari

Mdogo wangu Rula,

Pokea salamu za nyumbani. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua, na amesema nikuandikie kwamba hayamsumbui. Wifi yako mzima. Wanangu wazima, mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anataka kuongea kuliko sisi wote. Msalimie sana shemeji.

Nimekupigia simu mara nne hupokei. Nimeamua kuandika, maana barua haina kitufe cha kukata. Mama amefurahi, anasema ya simu anaisikia nusu, ya barua nitamsomea hata mara tatu. Kwa hiyo ujue kabisa, kila utakachoandika atakisikia.

Jambo lenyewe ni nyumba. Ule ufa uliokuwa unaingia kidole sasa unaingia mkono. Nimeshusha timazi kwenye ukuta wa nyuma, umeinama nusu shubiri. Mwaka wa kumi na nane huu nawajengea watu nyumba, halafu mama yangu mzazi analala chini ya ukuta ambao ungekuwa wa mteja ningemwambia ahame leo. Nimechoka kuona aibu. Tutabomoa na kujenga upya palepale. Kibali kinataka ramani, na katika ukoo huu mwenye kuchora ramani ni wewe.

Tunataka vyumba vinne: cha Mama, changu na wifi yako, cha watoto na cha wageni. Sebule, choo cha ndani, na jiko lenye milango miwili, wa sebuleni na wa kwenda uani. Chumba chako cha nyuma ndicho kilichopasuka kuliko vyote, hatutakirudisha. Nilimuuliza Mama, akasema, "Si mwenyewe alisema tukifanye banda la kuku?" Nikamwambia hayo yalikuwa maneno ya hasira, ya siku ile unaondoka, tena ni miaka sita sasa. Akanyamaza. Unamjua Mama akinyamaza.

Basi, wewe una kwako. Ukija kututembelea utalala chumba cha wageni kama watu wazito.

Kaka yako,
Timazi

2 Machi

Kaka Timazi,

Shikamoo. Mama, shikamoo na wewe, najua unasikia. Pole kwa magoti yasiyokusumbua. Mimi mzima, nimechoka tu. Ofisini tulikuwa wachoraji saba, tumebaki watatu, na kazi ni ileile ya watu saba. Meza zilizobaki wazi wamezirundikia maboksi. Macho yananiwasha kuanzia saa nne asubuhi, nikifika saa kumi naona mistari hata nikitazama ukuta mtupu. Salamu za shemeji yako nimezipokea.

Ramani hii hapa, nimeiviringisha ndani ya bomba la plastiki ili isipate mikunjo. Nimeichora saa za chakula cha mchana, siku kumi na moja. Kuta za nje nimeweka nene kama unavyopenda. Chumba cha Mama nimekiweka karibu na choo, na njia yake haina ngazi hata moja. Mama usiseme kitu, ni kwa ajili ya wageni wenye magoti mabaya.

Kwa hiyo chumba cha nyuma hakimo. Nauliza tu, nisije nikakosea vipimo.

Mdogo wako,
Rula

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Bomba limefika, tukaitandika ramani mezani na kuibana pembe kwa vikombe. Mama ameipapasa yote kwa kidole. Alipofika kwenye chumba chake akasema kikubwa mno, atapotea humo, lakini kidole hakukiondoa. Msalimie shemeji, mwambie akipata likizo tunahitaji mtu wa kubeba mchanga.

Ulichouliza, ndiyo, hakimo. Si mimi, mdogo wangu.

Sasa nina swali la fundi. Nilikwambia jiko liwe na milango miwili. Umenichorea mitatu. Wa sebuleni sawa, wa uani sawa. Huu wa tatu uko kwenye ukuta wa nyuma, na nje yake hakuna kitu, pana kamba ya nguo tu. Ungekuwa mlango wa nje ungeuwekea ngazi, maana pale ardhi imeshuka. Hauna. Tena upana wake ni sentimita themanini. Mlango wa nje wewe hujawahi kuuchora chini ya tisini, na kwa jambo hilo uliwahi kunitukana mbele ya mteja. Huu ni mlango wa ndani, uko kwenye ukuta wa nje, na mtu akitoka humo na sufuria anatua kwenye matope.

Wifi yako anasema uuache, jiko lipate upepo. Mama ameuliza ni wa nini. Nimemwambia ni wa kumtolea panya kwa heshima. Hajacheka.

Nijibu haraka, matofali yananisubiri.

Timazi

28 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na samahani. Najua uliandika haraka. Nilikuwa na mambo. Mama, shikamoo, kula dawa. Wanangu wawili nawabusu, mwenye pengo nambusu mara mbili.

Kuanzia sasa barua zako zitume ofisini, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Zinanifikia upesi zaidi.

Mlango ni kosa langu. Nikueleze, maana hata wewe utalihitaji. Ramani ninayoichora kwenye kompyuta si karatasi moja. Ni matabaka, kama plastiki angavu ulizozipanga moja juu ya nyingine. Kuta zina tabaka lao, milango lake, madirisha lake, mabomba lake, nyaya za umeme lake. Pembeni kuna orodha, na kila tabaka lina alama ndogo ya jicho. Ukiligusa jicho linafumba, na tabaka zima linatoweka kwenye kioo. Ukiligusa tena linarudi lilivyokuwa, hata mstari haujasogea. Na hapa kazini tuna desturi, hatufuti kitu. Tunaficha. Mteja leo hataki veranda, kesho anaitaka, na ukishafuta utachora upya kwa machozi.

Sasa, nilikuwa nimejaribu kitu upande wa nyuma, halafu nikakificha. Nikaficha kuta zake, nikaficha dirisha lake. Mlango nilikuwa nimeuchora kwenye tabaka la milango pamoja na ile mingine, sikukumbuka. Kwa hiyo kitu kimeondoka, mlango wake umebaki. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi nina miaka tisa kazini. Nimeshauficha na wenyewe.

Nakutumia flashi yenye mchoro wote. Nenda nayo stesheneri. Fundi bomba mchapishie kuta na mabomba tu, fundi umeme kuta na nyaya tu, kila mtu aone cha kwake asije akakuvuruga. Unafumba macho usiyoyataka, unachapisha, unafumbua. Ni rahisi kuliko kuchanganya saruji.

Tabaka la chini kabisa, lenye jina Majaribio, liache. Nimelifunga kufuli. Halina kitu.

Rula

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, dawa anakula akiwa anatazamwa. Mwenye pengo ameota jino moja, limekaa upande, nimemwambia nitamshushia timazi. Flashi imefika.

Nimekwenda stesheneri. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo, miwani yake ameifunga uzi shingoni, na mikono yangu ilipokaribia kipanya chake alinipa kitambaa nijifute kwanza. Ramani ya bomba tumetoa, ya umeme tumetoa. Fundi bomba ameisifu, akasema mara ya kwanza katika maisha yake anaona bomba bila kelele. Wiki ijayo nabomoa. Mama na watoto watahamia kwa jirani yetu fundi cherehani, ametupa vyumba viwili.

Hayo ndiyo ya kumsomea Mama.

Ukurasa huu wa pili nimeuandika peke yangu kwenye mfuko wa saruji, na kwa Mama haufiki.

Rula, ungetaka nisiliguse lile tabaka usingeniambia lipo. Mimi ni mwashi. Ukiniambia nyuma ya plasta hakuna kitu, nagonga. Nilimuuliza mama wa stesheneri, "Hili la chini lina nini?" Akasema, "Limefungwa kufuli." Nikamwambia, "Kufuli la mdogo wangu hilo." Akalifungua kwa mguso mmoja, nikashangaa, nilidhani kufuli ni kufuli. Akaligusa jicho.

Kikatokea chumba. Mita tatu kwa tatu na nusu, kimeegemea ukuta wa jiko upande wa nyuma, palepale kilipokuwa chako. Dirisha upande wa mashariki, meza chini yake. Na ule mlango wa themanini, alipoufumbua na wenyewe, ukaingia mahali pake.

Nyumba nzima hukuchora kitanda hata kimoja. Humo umechora. Cha mtu mmoja.

Mama wa stesheneri akaniuliza kama nataka kuchapisha. Nilibaki nakitazama kioo, akadhani nahesabu nakala.

Barua mbili nimemsalimia shemeji, hujaniletea hata neno lake moja. Sasa unataka barua zije ofisini. Sikuulizi mambo ya ndoa yako, mimi si wa kuuliza hayo. Nakuuliza kama kaka. Unalala wapi?

T.

20 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Nafurahi mmehamia salama. Fundi cherehani mshukuruni kwa niaba yangu. Hapa mvua inanyesha na ofisi inavuja juu ya mashine ya kuchapia, tumeiwekea ndoo. Kazi nyingi, afya siyo mbaya. Chimbeni msingi kabla ardhi haijakauka sana.

Ukurasa huu ni wako, kaka.

Nalala kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini. Pasafi. Dirisha linatazama ukuta. Shemeji yako alichukua vitu vyake mwezi wa kwanza, wiki mbili kabla ya barua yako ya kwanza. Hakupiga kelele, hakuvunja sahani. Alisema amechoka, nami nilikuwa nimechoka, kwa hiyo hata ugomvi wenyewe haukupata wa kuubeba. Nilibaki na nyumba miezi miwili, kisha nikaona nalinda makochi.

Ofisini mkataba wangu unaisha mwisho wa Julai. Hawajasema hawataurudia. Wameacha tu kunipa kazi mpya.

Uliandika kwamba chumba cha nyuma hakirudi, nami nikakichora hata hivyo. Ndicho nilichoanza nacho, kabla hata ya sebule. Nilikaa nikitazama nikashindwa kukifuta, nikafumba jicho. Kila siku mchana nilikuwa nalifumbua, natazama kidogo, nalifumba tena, halafu narudi kwenye vyumba vyenu. Siku kumi na moja hizo nilizokwambia, kazi ya ramani ilikuwa ya siku sita.

Lakini lifunge, kaka. Chimba vinne. Mama alisema siku ile, mbele ya watu wote, kwamba huyu mwanamume hatakaa miaka mitano. Amekaa sita. Hiyo ndiyo hoja yangu pekee iliyobaki, na nyembamba hivyo haiwezi kubeba paa. Mimi ndiye niliyetaja banda la kuku. Siwezi kurudi nikamwambia kuku ni mimi.

Usimwambie. Nimechoka sana, kaka, na la kuambiwa "nilisema" sitaliweza.

Rula

2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii Mama ananitazama nikiiandika, kwa hiyo haina ukurasa wa pili.

Sikumwambia. Ukurasa wako ulikaa mfukoni mwa suruali ya kazi, na suruali hiyo naifua mwenyewe. Lakini hukuniambia nisichimbe. Uliniambia nichimbe vinne, na mimi kuhesabu nilijifunza kwa Mama, moja hutuzidi.

Jumamosi nilipigilia vigingi nikavuta kamba, nyumba nzima ikaonekana chini. Mama akaja na fimbo yake kukagua. Akaingia chumba kimoja baada ya kingine, anapitia milangoni kwa adabu ingawa ni kamba tu. Alipofika jikoni akakuta uwazi wa tatu. Akaupima kwa fimbo, akapita.

Akasimama humo. Akasema, "Hiki ni cha tano."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Cha nani?"

"Cha mwenye ramani."

Nilingoja anigombeze. Akaomba kiti. Nikamletea kiti, akakaa katikati ya kamba, fimbo magotini. Wifi yako akamletea chai, ikapoa. Nikajifanya nina kazi na kigingi kilekile, nakipiga, nakitoa, nakipiga. Nikamwambia, "Mama, kama hukitaki nitang'oa kamba." Akanyoosha fimbo.

"Dirisha liko wapi?"

Nikamwonyesha, mashariki.

"Nani amechora upuuzi huu?" akasema. "Jua la asubuhi litampiga usoni. Yule tangu mdogo jua likimpiga halali, anaamka na kichwa, anashinda amenuna. Mwandikie alihamishe."

Nikasema, "Mama, hujauliza kwa nini anakitaka."

Akasema, "Sijauliza kwa nini. Nimezungumza habari ya dirisha."

Kisha akainuka, akaniambia kitanda kisiegemee ukuta wa jiko, moshi utaingia kwenye mashuka. Hapo nikajua alishajua. Tangu lini sijui, labda tangu mlango ule, labda tangu uache kumtaja shemeji. Mimi nilikuwa namsomea barua zako mara tatu tatu, nikidhani anasikiliza yaliyoandikwa.

Matofali ya chumba chako cha zamani niliyabomoa moja moja, nikayakwangua udongo, nikayapanga pembeni. Mazima yanatosha kuta tatu. Wa nne ni wa jiko, tayari tunao. Wifi yako ameshaanza kusema "chumba cha shangazi" mbele ya watoto, kwa hiyo hata tukibadili mawazo tumechelewa.

Kibali sijapeleka. Nasubiri dirisha.

Timazi

Mama anasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie kuku hatufugi."

13 Julai

Mama yangu, na kaka yangu,

Shikamooni wote wawili. Nimeandika karatasi moja tu. Kaka, isome yote, usiruke, hata Mama akiwa amenyamaza.

Mama, ulisema miaka mitano na ilikuwa sita. Mwaka huo mmoja nauacha, sina nguvu za kuubishania. Ameondoka, na nilikuficha kwa sababu niliona aibu kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Barua ya kaka niliisoma jana nikiwa nimesimama kando ya ile ndoo ofisini. Nililia, na mwenzangu wa meza ya tatu akasogeza ndoo karibu, kunitania. Nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kaka, salamu zako za shemeji ninazo zote, sikumpa hata moja. Nitazirudisha nikija, uwagawie mafundi.

Nimehamisha dirisha. Sasa liko upande wa kusini, linatazama kamba ya nguo, meza imelifuata. Kitanda nimekitoa kwenye ukuta wa jiko. Kufuli nimeliondoa, na jina la Majaribio nimelifuta, hilo nimelifuta kweli, nimeandika Chumba cha Nyuma. Mchoro mpya uko kwenye bomba hili na macho yote yako wazi. Peleka kibali.

Mkataba unaisha tarehe thelathini na moja. Tarehe mbili nitakuwa njiani na mabegi mawili na kompyuta. Mchanga nitabeba, lakini si kabla ya kulala siku tatu.

Mlango wa tatu usiuguse, kaka. Themanini inatosha.

Rula